Mshipa wa Nyundo

Seremala mmoja alikuwa na nyundo tatu zilizotundikwa ukutani mwa karakana yake, na zote tatu zilikuwa zimeota utando wa buibui. Hakuwa na haja nazo. Alikuwa na kiganja. Ulimi wa ubao ukigoma kuingia kwenye tundu lake, aliinua mkono wa kulia, akaushusha kwa kile kitako cha kiganja kilicho chini ya kidole cha mwisho, pa! na ubao ukaingia bila majadiliano. Fremu ikikaa upande, pa! Droo ikikwama, pa! Watu wakamwita Nyundo, naye akalipokea jina hilo kama wenzake wanavyopokea cheo.

"Chuma hakisikii," aliwaambia wateja huku akipapasa ubao. "Kiganja kinasikia."

Wateja walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyethubutu kuuliza kiganja kinasikia nini hasa, na hiyo ilikuwa heri, maana Nyundo mwenyewe hakujua. Maneno hayo yalimtoka siku moja ujanani mbele ya mteja mrembo aliyekuja kutengenezewa meza, akaona yamependeza, akabaki nayo. Mteja akawa mke wake. Mtu akishaoa kwa maneno fulani, si rahisi kuyaacha.

Kilele cha sifa zake kilikuwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ulikuwa mpana kuliko fremu yake kwa unene wa ukucha, na ulifungika kwa njia moja tu: Nyundo asimame mbele yake, avute pumzi, auchape kiganja juu kidogo ya kitasa. Mkewe alipoomba urandwe, alimjibu kwamba mlango unaofungwa na kila mtu si mlango, ni pazia. Akisafiri, mke alilala amesukumia kabati mlangoni. "Nyumba hii bila mimi haifungiki," Nyundo alipenda kusema, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba anajisifu. Mganga hajigangi, wanasema, lakini angalau mganga hajisifii vidonda vyake.

Matatizo yalianza kwa baridi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, kile cha pete na mdogo wake, vilianza kupoa asubuhi hata siku za joto. Vilipauka, vikawa vyeupe, kisha vikachoma kana kwamba vimechovywa kwenye pilipili. Nyundo alivisugua, akavipulizia, akavigombeza. Mwishowe akagundua dawa: mfuko wa suruali. Akivitia mle ndani, karibu na paja, vilipata joto vikarudi duniani. Basi akawa mtu wa mkono mfukoni. Alitembea mkono mfukoni, alisimama foleni mkono mfukoni, alisalimiana na watu kwa kuinua kidevu. Na vidole vikizidi ukaidi, alivifinyafinya humo humo mfukoni, macho ameyafumba, meno ameyauma. Yeye alijiona mtu anayevumilia maumivu kiume. Wapita njia waliona mengine.

Kazini aliendelea kupiga. Ndiyo, alipiga, sikio la kufa halisikii dawa. Alipoanza kuangusha misumari bila kujua kwamba imemtoka mkononi, mkewe alimsukuma mpaka zahanati ya mtaani. Tabibu alikuwa mtu wa haraka mwenye wagonjwa wengi nje. Alivitazama vidole, akaminya kiganja mahali fulani, Nyundo akaruka.

"Hili ni tatizo la mshipa," tabibu alisema. "Nenda hospitali kubwa, kliniki ya mishipa. Usichelewe."

Sasa, lugha yetu ni tajiri, lakini kwenye suala hili la mshipa imefanya ubahili. Damu inapita kwenye mshipa. Maumivu ya shingo ni mshipa. Mtu asiye na haya, huyo amekatika mshipa wa aibu. Na mwanamume akisemwa tu kwamba "ana mshipa," bila kutajwa mahali, kila mtu mzima anajua mahali penyewe ni wapi, na anaangalia pembeni.

Mke wa Nyundo hakulifikiria hilo. Jioni ile alimpigia simu mama yake.

"Mama, tuombee. Mume wangu kaambiwa ana mshipa. Anatakiwa hospitali kubwa."

"Wa siku nyingi?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kumbe alikuwa anauficha tu. Hujamwona alivyo? Kila saa mkono mfukoni."

"Nimemwona," mama alisema. "Maskini mwanangu." Haikueleweka anamsikitikia nani, mkwe au binti. Akaaga upesi.

Bahati mbaya, kwa mama siku hiyo alikuwepo shemeji, mdogo wake mke wa Nyundo, ambaye hupaka rangi na vanishi kwenye karakana ya Nyundo. Fundi mzuri sana, mkono wake mwepesi. Ila mdomo wake haujawahi kutiwa komeo.

Kesho yake Nyundo alifika kazini, akainama kuinua ubao. Shemeji alitupa brashi na kumkimbilia.

"Weka chini, shemeji! Weka chini! Kwa hali yako hiyo?"

Nyundo alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Sisi si ndugu? Siri yako ni siri yangu," shemeji alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, ambako muuza misumari alitikisa kichwa kwa huruma.

Tangu asubuhi hiyo dunia ilimgeuka Nyundo, ikawa njema. Muuza misumari alivuka barabara na kiti chake mwenyewe. "Kaa, fundi. Taratibu. Usikae kwa pupa." Mshonaji wa duka la pili alimvuta kando, akamwambia angemshonea suruali ya nafasi, hataki chochote. Nyundo aliguswa sana. Vidole viwili tu vya baridi, na watu wanamjali hivi! Alijilaumu kwa yote aliyowahi kusema juu ya majirani zake, nayo hayakuwa machache.

Mwisho wa wiki mama mkwe akaja kumjulia hali. Huyu ni mama wa heshima zake, na yeye na Nyundo hawakuwahi kuzungumza jambo lisilo la salamu, mvua au bei. Alikuja na mto mpya, mnene, wa kitambaa laini, akaukabidhi huku akiangalia dari.

"Kalia huu, baba. Utakusaidia."

Nyundo hakuona mto unavyosaidia vidole, lakini zawadi ya mkwe haihojiwi. Akaukalia. Ulikuwa mzuri.

"Usikate tamaa," mama mkwe aliendelea kuiambia dari. "Marehemu kaka yangu naye alikuwa nao. Aliishi nao vizuri tu. Ila baiskeli ndiyo aliiacha."

"Pole, mama. Kwa sababu ya breki?" Nyundo aliuliza, akiwazia vidole vikikamata breki asubuhi ya baridi.

"Hapana, baba. Kwa sababu ya kiti."

Nyundo aliwaza kiti. Akawaza mto. Akamtazama mama mkwe, ambaye sasa alikuwa akisoma dari kama gazeti. Akawaza suruali ya nafasi, na "usikae kwa pupa," na shemeji aliyemnyang'anya ubao. Na mkono wake wa kulia, Mungu wangu, ulikuwa wapi wakati huo huo? Mfukoni. Unafinyafinya.

Aliuchomoa kama mtu aliyeguswa na moto.

Mama mkwe alipoondoka, mke alisimuliwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta machozi na kuchukua simu. "Ngoja nimwambie sasa hivi. Nimwambie ni mshipa wa mkono."

"Acha," Nyundo alisema.

"Niache nini?"

"Usimwambie. Wala yeye wala mdogo wako."

Mke aliishusha simu taratibu. "Unataka mama yangu mzazi aendelee kufikiria kwamba wewe..."

"Fikiria vizuri," Nyundo alisema, na yeye alikuwa amefikiria muda wote mama mkwe alipokuwa akinywa chai. "Ule mshipa mwingine hauhusiani na kazi. Seremala mwenye mshipa ule bado ni seremala. Lakini wakijua ni mkono? Huu mkono? Nani ataleta mlango kwa Nyundo aliyekufa kiganja?"

Mke alimtazama mumewe kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. "Kwa hiyo uko radhi kuchekwa kwa usicho nacho, kuliko kupona ulicho nacho."

"Kuchekwa kuna ubaya gani?"

"Basi mshipa wako uliokatika si wa mkono," alisema mke. "Ni wa aibu."

Lilikuwa neno zuri, na Nyundo alijua thamani ya neno zuri. Lakini hakubadilika. Tena alizidi. Alianza kutembea ametanua miguu kidogo, kwa ajili ya wanaotazama. Akapokea ile suruali ya nafasi. Shemeji alibeba mbao zote, Nyundo akakaa juu ya mto wake, akanyanyuka tu kupiga, pa! akarudi kukaa, mkono mfukoni. Mteja mmoja alimsifu mbele ya watu: mgonjwa vile, na bado kiganja kile kile! Nyundo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao. Usiku maumivu yalimwamsha, akalala ameuning'iniza mkono nje ya kitanda, akijiambia ataenda hospitali kubwa wiki ijayo. Wiki ijayo ina sifa moja: haifiki.

Kwenye ncha ya kidole cha pete kikatokea kidoa cheusi. Alidhani ni vanishi. Alikisugua kwa mafuta ya taa. Hakikutoka.

Mke alikiona siku Nyundo aliposhika kikombe cha chai ya moto kwa vidole vile, akakaa nacho anaongea, anaongea, na ngozi inaiva wala hana habari. Alimpokonya kikombe. Alikigeuza kidole kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, na hapo ndipo Nyundo alipoogopa kweli, kwa sababu mke wake hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

"Vaa viatu," alisema mwishowe.

Kliniki ya mishipa ilikuwa mwisho wa ujia mrefu wa hospitali, na kibao chake kilikuwa na herufi kubwa kuliko vibao vyote vya jengo lile, au hivyo ndivyo Nyundo alivyoona. Alikaa kwenye benchi kando ya mkewe, uso ameuelekeza ukutani. Mzee aliyekaa karibu naye alimsogelea.

"Wewe ni upande gani?" alinong'ona.

"Kulia," alisema Nyundo.

"Mimi pande zote mbili," mzee alisema kwa fahari kidogo, akakunja suruali kumwonyesha miguu iliyovimba.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mifupi ya koti, asiyepoteza maneno. Mlango wa chumba chake ulikuwa na ugonjwa wake: ulisuguana na fremu, haukufunga, ukabaki wazi kiasi cha jicho moja. Daktari aliusukuma kwa bega, kisha kwa kisigino, kisha akakata tamaa. Nyundo aliuona ule mlango akasikia kiganja kikimwasha.

"Kunja ngumi," daktari alisema. Akakibana kifundo cha mkono kwa vidole gumba vyake viwili, kila kimoja upande wake. "Sasa fungua."

Kiganja kilifunguka kikiwa cheupe kama unga.

"Mkono wako una mishipa mikubwa miwili inayouletea damu. Mmoja unapita upande wa kidole gumba, huu tunaohesabia mapigo ya moyo. Wa pili unapita upande wa kidole cha mwisho. Ikifika kiganjani inakutana, inafanya kama tao."

"Kama tao la juu ya mlango," Nyundo alisema, angalau apate pa kujitokeza.

"Sawa. Mmoja ukizibwa, mwingine huujaza mkono wote. Tazama." Aliachia upande wa kidole gumba. Wekundu ukapanda taratibu, ukajaza dole gumba, ukafika katikati, ukasita. Akabana tena, akafungua mkono upya, akaachia upande wa pili. Wote watatu walitazama. Hakikutokea kitu. Kiganja kilibaki cheupe, kimetulia, na Nyundo akakitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani na hakuna anayejibu.

"Huu umeziba," daktari alisema. "Unafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Huwa unatumia kiganja kupigia vitu?"

Mke alitazama sakafu.

"Nina nyundo tatu," Nyundo alisema. Na hakusema uongo.

"Vizuri. Maana hapa, chini ya kidole cha mwisho, mshipa huu unapita juu ya kijifupa chenye ncha, na hauna pa kujificha. Mtu akigeuza kiganja nyundo, kila pigo linausaga juu ya mfupa huo. Unavimba, damu inaganda ndani, vipande vinakatika vinakwenda kuziba vidole. Ungekuwa unapigia, ningekuambia ukiendelea vidole vitaoza. Lakini wewe hupigii." Aliinua macho. "Labda ulianguka?"

"Nilianguka," alisema Nyundo.

"Wapi?"

"Ngazini."

Mke alikohoa. Daktari akasema anakwenda kuleta mashine ya kutazamia mishipa, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Mlango ukarudi, ukaacha upenyo wake. Kwenye upenyo likatokea jicho la yule mzee wa pande zote mbili, na juu yake jicho la mtu mwingine, na Nyundo ameketi katikati ya chumba, mkono wake mweupe juu ya meza kama samaki sokoni. Macho yaliutazama mkono. Kisha yakamtazama yeye. Hapo tena, jamani, mtu hafikiri. Nyundo alisimama, akapiga hatua mpaka mlangoni, akavuta pumzi.

Pa!

Mlango uliingia kwenye fremu yake, ukakaa. Ulikuwa mlio mtamu. Halafu maumivu yakapanda kutoka kiganjani mpaka kwapani, akajikuta amekaa sakafuni amekumbatia mkono, anatoa sauti ambayo si ya Nyundo wala ya mtu mzima yeyote anayemjua.

Nje, kitasa kilitikisika. Kikatikisika tena. Daktari alisukuma kwa bega mara kadhaa ndipo akaingia na mashine yake, akihema.

"Nani kafunga huu mlango? Haujafungika tangu nianze kazi hapa!"

"Nyundo," alisema mke.

Daktari aliangaza chumbani. "Kaupiga kwa nyundo? Nyundo iko wapi?"

"Hiyo hapo chini, daktari," mke alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Nyundo ndiye yeye."

Daktari hakucheka. Alichuchumaa, akaushika mkono. Na Nyundo, akiwa palepale sakafuni, alisema yote: nyundo za ukutani na utando wake, mlango wa nyumbani, mto, suruali ya nafasi, kidoa alichokisugua kwa mafuta ya taa. Alisema mpaka akaona anachosha. Kisha akauliza alichokiogopa tangu mwanzo: "Vitakatwa?"

"Mkono utapona," daktari alisema. "Ncha ya hiki siwezi kukuahidi. Ungekuja mwanzo, ningekuahidi."

Nyundo alilia, kidogo, akisingizia kiganja.

Kwenye kioo cha mashine mshipa ulionekana umevimba na kujikunja kama bomba la mpira lililokanyagwa na gari. Kipande hicho kingetolewa, daktari alieleza, na mahali pake pangeungwa kipande cha mshipa mwingine, unaochukuliwa mguuni. Nyundo aliinua kichwa kwa haraka.

"Mguuni wapi, daktari?"

"Kwa nini?"

"Chini ya goti, nakuomba. Chini kabisa. Nikirudi mtaani na bandeji pajani, sitaeleza nikaeleweka."

"Huwa tunachukua kifundoni," daktari alisema, na safari hii alicheka, naye Nyundo akacheka, mara ya kwanza kucheka yeye mwenyewe kwa jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa umeshalicheka.

Alipolala hospitalini alikuwa na vidole vitano. Alipotoka alikuwa na vinne na robo tatu: ncha ya kile cha pete ilikuwa imeshakwenda. Lakini vilivyobaki vilikuwa na joto. Kila asubuhi alivigusisha shavuni, na kila asubuhi alishangaa.

Siku aliyorudi nyumbani, mama mkwe na shemeji walikuja kumpokea. Mama mkwe aliona bandeji mkononi, akaona nyingine kifundoni, akachanganyikiwa, akakimbilia dari. Mke alimtazama mumewe. Hakumsaidia.

"Mama," Nyundo alisema. "Mshipa wangu ulikuwa wa mkono. Tangu siku ya kwanza. Ule mwingine sijawahi kuwa nao."

Dari iliachwa. Mama mkwe alimtazama usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Mkono?"

"Mkono, mama. Nilijua mnafikiria hivyo, nikanyamaza. Niliona afadhali mnicheke kwa lile kuliko mjue kiganja changu kimekufa, tena nimekiua mwenyewe kwa kujionyesha. Ningekuja mwanzo, kidole hiki kingekuwa kizima."

Shemeji alifungua mdomo. Akaufunga. Haikuwahi kutokea.

"Mimi nimekuombea siku zote hizi," mama mkwe alisema polepole. "Tena kwa kutaja mahali."

Mke alijiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Basi," mama akasema, "Mungu ni mwelewa. Atakuwa amepandisha." Kisha akaushika mkono ule wenye bandeji, yeye ambaye hakuwahi hata kumpa mkwe wake mkono wa salamu, akaupakata kwenye magoti yake kama mtoto mchanga, akabaki ameushika mpaka chai ikaletwa. Nyundo hakujua atazame wapi. Akatazama dari.

"Mto nitauchukua, basi," mama mkwe alisema wakati wa kuaga.

"Uache, mama," alisema Nyundo. "Nimeshauzoea."

Walipomsindikiza mama mpaka nje wakarudi, mlango ulikuwa umebaki wazi kama kawaida yake, na mvua ilikuwa imeanza. Wote watatu, Nyundo, mkewe na shemeji, walisimama mbele yake. Mkono wa kulia wa Nyundo uliinuka wenyewe na bandeji yake.

"Niupige mimi?" shemeji alisema, na kabla hajajibiwa akainua kiganja.

"Usipige!" Nyundo alifoka, kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Shusha mkono huo. Lete randa."

Waliutoa mlango kwenye bawaba zake, wakaulaza ubavu sebuleni. Shemeji alisukuma randa, Nyundo akielekeza kwa mkono wa kushoto: hapa, tena hapa, usizidishe, pumzika. Maranda membamba yakaanguka kwenye sakafu ya mkewe, akavumilia. Wakaurudisha. Maji ya chai mpya aliyokuwa ameyabandika mke jikoni yalikuwa hayajachemka.

Mke alisogea. Aliuwekea mlango kidole kimoja, cha pete, akausukuma. Mlango ukaenda, ukaingia, ukafunga. Haukusema pa. Haukusema kitu.

Aliufungua. Akaufunga tena kwa kidole kile kile.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ulikuwa hivi tu. Miaka yote hii nasukuma kabati."

Nyundo alitaka kusema jambo juu ya kiganja na kusikia, akaona halipo. Aliiwaza milango yote aliyoipiga ikaingia, na wateja wakapiga makofi, na sasa, katika nyumba zisizo na Nyundo, watu wanaisukuma kwa mabega, kwa visigino, kwa makabati. Ule mlango wa daktari, ni nani aliyeutengeneza? Hakutaka kukumbuka. Mlango unaohitaji kupigwa ni mlango ambao haujakwisha. Angelijua hilo, angekuwa na jina la kawaida na vidole kamili. Alianza kucheka. Alicheka mpaka nyuzi za kiganja zikamuuma, akaegemea ukuta, na mkewe akiendelea kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, kama mtoto aliyepewa kitu kipya.

Vidole vya Nyundo havikuwa na baridi hata kidogo. Lakini mazoea yana taabu, na kabla hajajua, mkono wa kulia na bandeji yake ulikuwa umeshajipenyeza ndani ya ile suruali ya nafasi.

Mkewe aliacha mlango, akamtazama.

"Toa mkono mfukoni, baba," alisema. "Watu watasema."